Idara ya Msasa Itapigwa Msasa

Ukitaka kujua mambo ya kiwanda cha mabasi pale Eldoret, usijisumbue kuingia ndani. Vuka barabara, keti kwenye benchi la Seline, agiza kahawa, unyamaze. Benchi lenyewe ni kiti cha abiria watatu kilichong'olewa kwenye basi lililopinduka, sponji imetoka nje, na anayekaa katikati huinuka na alama ya chuma matakoni. Seline ana jiko la makaa, birika la kahawa chungu yenye tangawizi, na sinia ya mandazi iliyofunikwa kwa kitambaa. Wenye benchi ni watatu. Kuna Ogola, karani mstaafu wa reli, ambaye husikiliza vikao vya bunge kwenye redio ndogo tangu dua ya kufungua hadi kufungwa, wakamwita Hansadi, kama kitabu cha kumbukumbu za bunge. Kuna Kuria, muuza vipuri vikuukuu vya malori, ambaye hajawahi kusema jambo polepole maishani mwake, wakamwita Gia Tano. Na kuna Wabuge, mwenye ovaroli, mpiga msasa wa miaka mingi, ambaye wenzake humwita Kiganja kwa sababu hupapasa ubavu wa basi kwa kiganja chake kabla ya kusema limelainika.

Jumatatu moja, saa ya chakula, kahawa ya Wabuge ilikuwa imepoa mkononi mwake bila kuguswa, na watu wa benchi walijua kwa nini. Eldoret nzima, ukitoa wale waliolala, ilijua kwa nini.

Kiwanda kilikuwa kimepata kazi ya kuunda mabasi ya stima, yanayotumia betri badala ya dizeli. Mashine moja kubwa ya kupiga msasa ilikuwa imeshushwa wiki iliyotangulia, bado imefungwa kwa mbao na nailoni. Halafu Ijumaa jioni meneja mpya wa wafanyakazi, mama aliyetoka Mombasa, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata watu humsikiliza kama taarifa ya habari, alipanda juu ya sanduku la mbao akatangaza. Alisema kwamba kuanzia Jumatatu idara yote ya msasa itapigwa msasa. Atakayependa kuondoka kwa hiari, ajiandikishe kwa karani kabla ya king'ora cha saa nane mchana Jumatatu hiyohiyo, naye ataagwa kwa heshima zake. Akashuka, akaenda kuwahutubia watu wa uchomeleaji.

Mwanzoni walicheka. Msasa kupigwa msasa, nani amewahi kusikia? Kisha Mabonga, aliyekuwa akifanya kazi ubavu kwa ubavu na Wabuge tangu wote wawili wakiwa na nywele kichwani, akauliza kwa sauti ya chini hiyo maana yake ni nini, na kicheko kikakatika. Asubuhi ya Jumatatu Mabonga alikuwa amekwenda kwa karani, akajiandikisha, akabeba kibakuli chake cha chakula na kuondoka. Alisema afadhali atoke kwa mguu wake.

Sasa ilikuwa zamu ya Wabuge kuamua. Akibaki na ikawa msasa ni kufutwa, atatoka bila chochote, bila hata mkono wa kwaheri. Akijiandikisha, ataagwa vizuri, lakini atarudi nyumbani Kimumu akiwa mzee asiye na kazi. Mkewe, Nanzala, alikuwa amemwambia usiku kucha kwamba heshima ni bora kuliko kufukuzwa. Wabuge hakumwambia linalomuuma zaidi. Aliacha shule akiwa mdogo sana, na akisikia tu neno cheti, hubadilisha mazungumzo.

Hansadi aliweka redio chini, jambo ambalo hulifanya tu kwa misiba na kwa hoja za kitaifa.

— Hii neno mimi naijua, omera, ndugu yangu. Kila wiki naisikia. Waziri akiteuliwa anapigwa msasa. Jaji, anapigwa msasa. Unaitwa mbele ya kamati, unakalishwa kiti, unaulizwa mali yako, shule yako, na nani ulikosana na yeye ukiwa darasa la tatu.

— Mali yangu ni ng'ombe mmoja yuko Kesses kwa shemeji, Wabuge akasema.

— Hiyo ndiyo watakushikia. Kwa nini yuko kwa shemeji? Unaficha nini?

Wabuge alitaka kucheka akashindwa. Aliuliza kama mtu akianguka mbele ya kamati huwa anaenda wapi. Hansadi akasema waziri akianguka huteuliwa balozi, lakini hajasikia mpiga msasa akiteuliwa balozi.

Gia Tano alikuwa anatikisa mguu akingoja nafasi, na alipoipata hakuiachia. Mambo ya kamati aliyaita upuuzi wa watu wa redio. Yeye ni mtu wa vyuma, akasema, na neno la vyuma litafutwe kwenye vyuma.

— Msasa inafanya nini? Wewe Kiganja ndio unajua. Unaweka msasa juu ya basi mzee, inatoa rangi ya zamani, ndio rangi mpya ishike. Sindio?

— Ndio.

— Sasa idara ikipigwa msasa, rangi ya zamani ni nani?

Macho yote yaligeuka, maana rangi ya zamani ilikuwa imekaa pale katikati ya benchi na ovaroli yake. Gia Tano akaongeza kwamba rangi mpya ni wale vijana wa chuo kikuu, ambao akipita Kesses huwaona wamejaa barabarani na laptopu mgongoni wakingoja kupakwa mahali.

Seline, ambaye alikuwa akigeuza mandazi, aliona wanaume hawa wanamuua mtu mchana. Akasema kwa upole kwamba hata yeye amewahi kupigwa msasa. Wauza chakula wote wa upande ule waliitwa ukumbini, wakafundishwa kunawa mikono na kufunika chakula, wakapewa chai na aproni. Hayo ndiyo yaliyoitwa kupigwa msasa, na hakuna mtu aliyeumia.

— Mlienda wangapi? Gia Tano akauliza.

— Tulikuwa wengi.

— Na mlirudi wote kwa biashara?

Seline alikiri si wote. Wawili walikosa barua ya afya, wakaambiwa wafunge kwanza.

— Umeona, Gia Tano akasema, akamgeukia Wabuge kama wakili aliyemaliza kesi.

Maskini Seline. Alikuwa amebeba ukweli mkononi, lakini ukweli ukija na aproni nani atausikiliza? Alirudi kwa mandazi yake, na benchi likaendelea kupotea.

Hansadi hakupenda kuona hoja ya vyuma ikishinda hoja ya bunge, kwa hiyo alileta wahenga. Alisema wahenga walishayaona haya yote waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni nani? Ni mashine, bado iko kwa mbao. Mwenyeji ni nani? Ni Wabuge. Na apone, akauliza, huyo atapona vipi kama hajaugua kwanza? Kwa hivyo methali inasema wazi kwamba mashine ikifika Wabuge ataugua.

Gia Tano akasema methali ya maana ni chelewa chelewa utapata mwana si wako. Na kwa kuwa watoto wa Wabuge wote ni wake, wamefanana naye mpaka masikio, ina maana bado hajachelewa, na aende kwa karani sasa hivi. Wabuge aliitafakari hiyo kwa muda. Ilikuwa na makosa mahali fulani, lakini mtu mwenye hofu hana nguvu za kutafuta makosa.

Kutoka hapo mambo yalipanda mlima. Gia Tano alimkumbusha zile kamera ndogo zilizofungwa kwenye mapaa ya kiwanda, ati za usalama. Usalama wa nini, nani ataiba basi aliweke mfukoni? Kamera zile zilikuwa zinaangalia mkono wa Wabuge. Namna unavyozunguka, unavyokaza, unavyolegeza. Mkono wote umechukuliwa, umetiwa ndani ya ile mashine, na ndiyo sababu haijafunguliwa, wanaogopa atautambua. Hansadi akasema basi mashine ile itakuwa inapiga msasa kwa Lubukusu, lugha ya kwao Wabuge, na bunge halina sheria ya jambo hilo. Gia Tano akasema hiyo si kitu, ngoja mabasi ya stima yenyewe. Yatajiendesha, yatajitoza nauli, na yakifika Burnt Forest yatasimama yenyewe kununua viazi.

Wabuge aliweka kikombe chini, akasimama. Aliangalia geti. Ofisi ya karani ilikuwa palepale baada ya mlinzi, mlango wazi.

— Wacha niende nijiandikishe, akasema. Mabonga alikuwa na akili kunishinda.

— Na hizo basi zitanunua viazi kwa nani?

Sauti ilitoka nyuma yao. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia, kikombe cha kahawa mkononi, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Aliitwa Cherono. Yeye ndiye huleta viazi vya jiko la kiwanda kutoka Burnt Forest, na alikuwa anangoja mlinzi amalize kula amfungulie. Walikuwa hawajamwona, au walimwona wakamhesabu kama gunia la pili. Gia Tano alimwambia kwamba hayo ni mazungumzo marefu, mama, hayataki mtu aliyeanzia katikati.

— Nimesikia yote, Cherono akasema. Kiswahili yangu mimi ni ya soko tu, hiyo msasa siijui. Lakini huyo mama mwenye alisema, si yuko hapo ndani?

— Yuko, Wabuge akasema.

— Na mlimwuliza ni msasa gani?

Seline aliacha mandazi. Hansadi alichukua redio yake, akaanza kuigeuzageuza kama aliyeiona mara ya kwanza. Gia Tano, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lifike pale, alikosa gia. Cherono alikuwa anangoja jibu kwa uso wa mtu aliyeuliza njia ya kwenda chooni.

Wabuge aliona aibu. Tangu Ijumaa alikuwa amemwuliza mkewe. Alikuwa amemwuliza mchungaji baada ya ibada, na jirani aliyewahi kuwa polisi. Idara nzima ilikuwa imeuliza kila mtu katika kaunti ya Uasin Gishu isipokuwa yule mmoja aliyelitamka neno. Na sababu aliijua. Ndani ya kiwanda kile mtu huambiwa, haulizi. Aliyeuliza kwa nini glavu zimepunguzwa alionekana mjuaji, na mjuaji huhamishiwa kwenye kazi ya kusugua sakafu. Aibu ikageuka hasira, na hasira ikampa miguu.

Alivuka barabara. Alipita mlango wa karani bila kuutazama, akaenda moja kwa moja kwenye banda la msasa, ambako wenzake walikuwa wamejipanga ukutani wakila kimyakimya kama watu wa matanga.

— Twendeni tukamwulize, akawaambia.

— Tumwulize nani?

— Mwenyewe.

Waliangaliana. Mmoja alisema king'ora kinakaribia. Mwingine alisema yeye ana mtoto kidato cha nne, hataki jina lake litajwe mahali. Kageha, mchanganyaji wa fila, lile rojo zito la kuziba mabonyeo ya bati, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyekoroga mikebe maisha yake yote, alifunika bakuli lake akasimama. Baada ya Kageha kusimama, ilikuwa vigumu kwa mwanamume kuendelea kukaa.

Meneja aliwakuta wamejaa mbele ya mlango wake. Alitoka na kikombe cha chai, akawatazama, akauliza kuna nini. Wabuge alivua kofia.

— Madam, ulisema Ijumaa tutapigwa msasa. Sisi tunataka kujua. Hiyo ni kufutwa, ni kuchunguzwa, ama ni kufunzwa?

Yule mama akaanza kucheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu aliyeona amevaa nguo ndani nje.

— Jamani, ni kufunzwa. Kupigwa msasa ni kunolewa. Mbona neno la kawaida?

— Usicheke, Madam, Wabuge akasema. Sisi msasa tunaushika kila siku, na tunajua unachofanya. Unatoa kitu mpaka kiishe.

Kicheko kiliisha. Meneja aliweka kikombe juu ya dirisha na akaanza kueleza, safari hii polepole. Mashine ingelainisha mabati. Wao wangefundishwa kuunga nyaya na kufunga betri za mabasi mapya, kazi isiyo na vumbi, na hapakuwa na nia ya kumtoa yeyote. Kule kuondoka kwa hiari alikuweka kwa ajili ya wale wazee waliokuwa wakimwambia wamechoka.

— Na mwenye hana cheti? Wabuge akauliza.

— Sitauliza cheti cha mtu. Nitauliza kama anataka kujifunza.

Watu walipumua. Wengine walianza kugeuka warudi kazini, wametosheka. Lakini Wabuge hakugeuka. Alikuwa amekaa kimya miaka mingi sana, na sasa mdomo ulikuwa umefunguka, angeufunga na Mabonga yuko nje?

— Madam, kuna mwenzetu Mabonga. Alijiandikisha asubuhi.

— Huyo ameondoka kwa hiari yake, meneja akasema. Limeshapita hilo.

— Hiari gani? Alifikiri unamfukuza. Mtu ambaye hajaelewa hana hiari.

Hapo ndipo king'ora cha saa nane kililia. Kililia kwa urefu wake wa kawaida, kikanyamaza, na hakuna mguu uliosogea. Kageha alikunja mikono kifuani. Yule mwenye mtoto wa kidato cha nne alipiga hatua moja mbele, akasimama sambamba na Wabuge. Watu wa uchomeleaji, waliokuwa wanarudi kwenye mitungi yao, waliona watu wa msasa wamesimama, wakasimama nao kwanza, sababu wangeiuliza baadaye. Kiwanda kilikaa kimya hata ukasikia redio ya Hansadi ng'ambo ya barabara ikilumbana peke yake.

Meneja aliwatazama mmoja mmoja. Wabuge aliona anapima, na hakumwonea ubaya, maana kupima ndiyo kazi yake. Alipomaliza kupima, alisema:

— Mpigieni simu arudi.

Kageha alikuwa tayari ameshaweka simu sikioni.

— Na jambo la mwisho, Madam, Wabuge akasema. Panda tena pale juu, uwaambie wote. Kwa maneno mepesi.

Na alipanda. Yule mama alipanda kwenye sanduku lilelile na viatu vyake vya ofisini, akasema mbele ya kiwanda kizima kwamba idara ya msasa itafunzwa kazi mpya, kwamba mafunzo ni saa za kazi, kwamba hakuna aliyefutwa wala atakayeulizwa cheti, na kwamba siku nyingine asipoeleweka aulizwe. Watu wa uchomeleaji walipiga makofi kwa kugonga vyuma. Kelele ile ilifika mbali sana, na kwenye benchi Gia Tano alishaanza kumweleza Cherono jinsi yeye tangu asubuhi alivyokuwa akimwambia Kiganja aende akaulize. Hansadi naye alikuwa anasema kwamba hilo linaitwa swali la nyongeza, na linaruhusiwa na kanuni.

Mabonga alipatikana kwenye stendi, mguu mmoja ndani ya gari la Webuye lililochukua nusu siku kujaa. Alirudi kwa pikipiki, kibakuli mkononi, hajui kama anaitwa kwa heri au kwa shari. Mlinzi alimfungulia mageti yote mawili, hata lile la magari makubwa, na wapiga msasa walimpokea kwa mikono, mabega, vifijo, mpaka akapoteza kiatu. Wabuge alimkuta akilia bila kujificha. Hakumwambia anyamaze, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anajipangusa kwa mkono wa ovaroli.

Alasiri hiyo walikalishwa kwenye chumba cha mikutano, kila mtu na kipande cha waya, nyekundu na nyeusi, wakaanza. Mabonga aliunga vibaya mara ya kwanza, Wabuge akaunga vibaya mara ya pili, wakacheka kama watoto wa darasa la kwanza. Walipopewa mapumziko, Wabuge alitoka varandani akapiga simu Kimumu. Nanzala alishika kabla haijalia mara ya pili.

— Wamekufuta?

— Hapana. Tulimwuliza Madam, kumbe ni kufunzwa. Wametuingiza shule. Tunafunzwa mabasi ya stima.

— Na Mabonga?

— Yuko hapa. Tumekaa dawati moja.

Wabuge akamsikia Nanzala akivuta kiti akikaa.

— Nani aliuliza? akasema.

— Ni mimi niliuliza.

Nanzala akamwambia arudie, na safari hii akaweka simu kwa sauti kubwa ili majirani wasikie.